Uliza Ujibiwe: Fuvu la Mkwawa lilirudi lini?

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita ameandika kuwa fuvu la Mtwa (chifu wa Wahehe) Mkwawa lilirudishwa 1919, akakoseshwa. Mbona mkataba ni wa mwaka huo? Na neno Iringa lina maana gani? – Mama wa Kihesa, Iringa

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, mama, ila kosa la mtoto linaeleweka. Mkwawa alijipiga risasi Julai 19, 1898 ili asikamatwe. Wajerumani walimkata kichwa, fuvu likapelekwa kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kulikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Haikulikabidhi. Ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyelifuatilia hadi kwenye jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani. Huko mafuvu yalikuwa mengi, ikabidi vipimo vyake vilinganishwe na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 19, 1954 likakabidhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Lipo hapo hadi leo, ndani ya kasha la kioo. Mpelekeni mtoto akalione.

Awe mwangalifu pia kwenye vita, maana wengi huchanganya: Lugalo, Agosti 17, 1891, Wahehe walishinda na kamanda wa Wajerumani, Zelewski, akauawa. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894.

Iringa imetokana na neno la Kihehe “lilinga”, yaani ngome.