Kozi ya Uuguzi ya Miezi 16: Usizikwepe Saa za Jamii

Juzi msomaji kaniandikia. Ana shahada ya fani nyingine, amepata nafasi kwenye kozi ya uuguzi ya miezi 16, na anauliza afanyeje azikwepe saa za kuhudumia jamii ili apate muda wa kusoma. Swali limenikosesha usingizi, maana na mimi niliwahi kuuliza hivyohivyo.

Kozi hizi si ngeni. Saint Louis University ya Marekani ilianzisha ya kwake mwaka 1971. Zinachukua wenye shahada tayari, ndiyo maana zinakuwa fupi. Hata mapumziko hukatwa. Mwezi wa tatu wa kozi yangu nilifeli mtihani wa dawa. Mkufunzi akasema mbele ya wenzangu kwamba waliohama fani huwa hawadumu. Hadi leo linaniuma, sitaficha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kutimiza saa zangu za jamii, kutembelea wagonjwa majumbani, nimenuna. Bibi mmoja mwenye kisukari akasema miguu yake haina neno. Nikamvua soksi hata hivyo. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda, upana wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe na ngumu. Nikakung'uta kiatu, kikadondoka kijiwe.

"Mbona sikusikia maumivu, mwanangu?"

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimesoma sura nzima ya namna sukari inavyoua neva za miguu, na asubuhi sikukumbuka hata mstari mmoja. Baada ya kijiwe kile, sura ile haijanitoka. Mtihani wa marudio nilifaulu, na sasa nina miaka sita kazini. Nimedumu.

Kwa hiyo nenda. Ukirudi, usiku uleule mwandike mgonjwa mmoja kwenye daftari, kisha tafuta sura inayomhusu. Usiende kwa ajili ya kusainiwa fomu tu. Nenda kabisa, na moyo wako wote. Muuguzi Lillian Wald alipoanza uuguzi wa majumbani kule New York mwaka 1893, aliwafuata wahamiaji maskini kwenye vyumba vyao. Nasi tunaotaka kuitwa wauguzi tunahesabu saa!

Jumamosi hii, ukifika kwa mwenye kisukari, mwombe avue viatu vyote viwili. Tazama nyayo, tazama katikati ya vidole, halafu tia mkono ndani ya kila kiatu kabla hajakivaa tena.