Miguu ninayo, vidole ndo vinaniangusha

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mgumu, yaani mpagazi, wa hapa Moshi, nakaa Pasua, nina miaka 26 na nimebeba mizigo mlimani tangu 2019. Mwezi uliopita washkaji wakanichukua tukajaribu kupanda mwamba kwa kamba, nikafika kama mita nne tu mikono ikajaa ikawa migumu kama jiwe, vidole vikafunguka vyenyewe, na dada mmoja ambaye hata Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hajawahi kufika akanipita. Iliniuma sana. Tangu hapo najivuta kwenye bomba kila siku asubuhi na jioni, ila sasa kidole cha pete cha kulia kinauma pale kinapoanzia kwenye kiganja. Nifanyeje? Ndoto yangu ni Mawenzi, kile kilele kingine cha Kilimanjaro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza bomba liache, leo hii. Hapo panapouma kuna kamkanda kadogo kanakoshikilia kano (ile wengi tunaiita mshipa) ilale kwenye mfupa, na kwa wapanda miamba kidole cha pete ndo kinaongoza kuumia hapo. Kama ulisikia kitu kimelia pa! au kimevimba au hakikunjiki, nenda hospitali kabla ya zoezi lolote, usijikande na kuvutwavutwa mtaani.

Sasa kwanini imekuwa hivo. We umebeba kilo 20 miaka yote hiyo, moyo, mapaja na mgongo viko vizuri kuliko watu wengi wanaolipia jimu hapa Arusha, lakini mwamba unashikwa na misuli midogo ya mkono chini ya kiwiko na hiyo mzigo wa kichwani haujaifundisha kitu. Alafu msuli unapata nguvu ndani ya wiki chache wakati kano inahitaji miezi, damu inayofika kwenye kano ni kidogo, kwahiyo ukijivuta kila siku msuli unatangulia, kano inabaki nyuma, inaumia. Mtu mwenye nguvu kama wewe ndo anaumia haraka zaidi kwasababu nguvu ya kujiumiza anayo.

Maumivu yakiisha kabisa, rudi taratibu, siku mbili au tatu kwa wiki na katikati upumzike masaa 48. Jivute mara 5, pumzika dakika tatu, rudia mpaka seti 3, basi. Ning'inia mikono ikiwa imenyooka sekunde 10 kwenye kitu kinene cha kushika kiganja chote, vile vibao vyembamba vya kuning'inia kwa ncha za vidole usiviguse mwaka huu wa kwanza. Piga na pushapu, maana ukivuta tu bila kusukuma mabega yanajikunja mbele. Zoezi ninalolipenda mimi ni madumu mawili ya maji ya lita 20, moja kila mkono, unatembea nayo uwanjani mpaka vidole vianze kuchoka, unaweka chini kabla hayajakuponyoka. Anza na nusu dumu. Na ule dagaa, mayai, maharage, siku ya mazoezi usishindie chai.

Ila nikwambie ukweli, yule dada hakukupita kwa nguvu. Mgeni wa mwamba anakunja viwiko, anakaba jiwe kama anakabana na mwizi, miguu inaning'inia tu, hapo hata uwe na mkono wa chuma dakika mbili nyingi. Nyoosha mikono, sogeza kiuno karibu na ukuta, kanyaga kwa ncha ya kiatu, alafu simama kwa paja, na mapaja si unayo!

Mawenzi usiifute lakini iweke mbali. Ina mita 5149, fupi kuliko Kibo, ila Kibo ilifikiwa 1889 na Mawenzi ikaja kupandwa 1912, na sababu mtu akiiangalia toka Moshi anaiona, yale meno. Jiwe lake limeoza, unashika linabaki mkononi, kwahiyo kule helmeti, kamba na mwenzako anayejua kazi ni lazima, huo mkono wenye nguvu peke yake hautakusaidia.

Masika safari zikipungua ndo mda wako wa kujenga. Na yule dada mtafute, mwombe asimame chini akuangalie miguu tu, mikono aachane nayo, kila ukiikosea akuite.