Gazi kwa pikipiki: uliza maji kwanza, saa baadaye

Watu wengi wananiuliza ile safari ya Gazi, kijiji cha pwani chenye msitu wa mikoko kusini mwa Mombasa, niliendaje na pikipiki ya cc 150 tena nimembeba mke wangu, na kama kweli mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja. Anaweza, na raha yake ni kubwa sana. Kutoka feri ya Likoni hadi Gazi ni kama kilomita 50 hivi, unapita Ukunda unashika njia ya Lunga Lunga, kisha unakata kushoto kuingia kijijini. Lakini kuna jambo moja nilijifunza baada ya kukosea, na ndio sababu naandika hapa: safari hii ipange kwa kufuata maji ya bahari, yanapupwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi.

Mara ya kwanza tulitoka alfajiri tukafika saa nne. Siku hio ilikua bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa sana, mwezi mpevu ulikua juzi yake tu, na huku Mombasa siku za bamvua maji hupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi halafu yanajaa jioni kuanzia saa kumi. Basi tukatembea juu ya ile bodiwoki ya akina mama wa kijiji, njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, chini tope tupu, jua kali, na bahari imeenda mbali kabisa. Niliumia manake mke wangu alikua ameingoja hio siku wiki nzima.

Mara ya pili nikampigia kwanza mvuvi ninaemjua. Akaniambia njooni saa sita maji yakianza kupanda. Wallahi ilikua kitu kingine! Maji yanaingia kimya kimya baina ya mizizi, kauzi ka povu mbele, na kaa wadogo wanaanza kupanda mashina, hatua mbili wanasimama, maji yakiwafikia wanapanda tena, na konokono nao wanapanda vile vile ila pole pole. Simama hapo kama robo saa usiseme kitu. Mama aliyetutembeza alituonyesha mkoko, mchu, mkandaa, mlilana unaopenda kukaa mbele kabisa kwenye bahari, na mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo kama mpira. Gazi ina aina zote 9 za mikoko zinazopatikana Kenya. Na hawaitunzi kwa maneno matupu, tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi, kutoka hekta 117 na pesa zinarudi kwenye maji ya kijiji na shule, kwa hivyo ukifika lipa kiingilio bila kubishana bei, tafadhali.

Chakula agiza siku moja kabla. Wali wa nazi na samaki unapikwa kwa ajili yako, haukai hapo ukingoja wageni.

Sasa pikipiki. Pahali pa kuogopa zaidi ni pale kwenye bamba la feri, kuliko barabara yenyewe, chuma kina maji ya chumvi na oili juu yake, breki ya mbele ukiigusa ghafla uko chini. Ingia gia ya kwanza, taratibu, miguu tayari kushuka, na aliyebebwa ashuke apande kwa miguu. Ukitokea Miritini pita barabara ya Dongo Kundu uepuke foleni ya feri, ila pale juu ya daraja la Mteza upepo wa kusi unapiga ubavuni, punguza mwendo na usishindane na malori. Helmeti mbili na reflekta mbili, ata kama ni jua. Chukua viraka, pampu ndogo na spana ya gurudumu, manake ukishaingia ndani fundi hayuko karibu.

Ukipaki kijijini tafuta kibao ama kifuu cha nazi uweke chini ya stendi. Mchanga wa pale ni laini, tulirudi tukakuta pikipiki ya jirani imelala na petroli imemwagika yote.

Kurudi, ondokeni saa kumi, ata kama maji ndio yamependeza, ili giza lisiwakute kwenye foleni ya feri. Na usilale kabla hujaimwagia pikipiki maji baridi, hasa cheni na spoki, uipanguse, uipake oili usiku huo huo. Mimi niliacha hadi asubuhi nikakuta cheni ishaanza wekundu.