Kabla hujaamini kilele cha kumbukumbu, uliza kimeanza kuhesabiwa lini

Wewe unayeanza kazi na seva za Linux, lizoee faili la /proc/PID/status, ambapo PID ni namba ya mchakato wako, yaani programu inayoendeshwa. Mstari wa VmRSS unaonyesha kumbukumbu inayokaliwa sasa hivi. VmHWM unaonyesha kilele, kama alama ya bamvua inayobaki kwenye nguzo za gati maji yakishakupwa.

Niliwahi kupoteza siku mbili nikisaka uvujaji wa kumbukumbu ambao haukuwepo. Kila nikitoa ripoti fulani, VmHWM ilisoma karibu GB 1.8, nikaamini ripoti ndiyo mlafi. Kumbe alama ile iliwekwa asubuhi, programu ilipowashwa na kupakia data yote kwa mkupuo. Ripoti yenyewe haikuikaribia hata kidogo.

Dawa yake ni amri fupi, na imekuwepo tangu toleo 4.0 la kiini cha Linux, la mwaka 2015:

echo 5 > /proc/PID/clear_refs

Itoe kabla tu ya kazi unayotaka kuipima, kisha soma VmHWM kazi ikiisha. Usitegemee kuona sifuri: kilele hushuka hadi matumizi ya wakati huo, basi. VmPeak, ambayo ni kilele cha anwani za kumbukumbu zilizoombwa, hata zisipotumika, haiguswi na amri hii.

Kuna ru_maxrss pia, kilele kingine cha kumbukumbu, kinachotoka kwa getrusage, wito ambao programu huutumia kuuliza matumizi yake. Hiyo naomba uwe nayo macho. VmHWM huanza upya mchakato unapofanya exec, yaani unapoacha programu yake na kuingia nyingine, lakini ru_maxrss hubaki na kilele cha kabla ya hapo. Programu kubwa ikizaa mtoto kwa fork, yaani ikijinakili kuwa mchakato mpya, mtoto akaingia kwenye programu ndogo, unaweza kumkuta ana ru_maxrss ya mzazi. Nimeona watu wazoefu wakibishana juu ya namba hiyo mchana kutwa.

Kwenye kontena utakutana na memory.peak, faili la kilele cha kundi zima la michakato katika cgroup v2 (mfumo wa Linux wa kupima na kuwekea mipaka makundi hayo), lililokuja na toleo 5.19. Humo imo hata kashe ya mafaili, yaani yaliyomo kwenye mafaili yanayowekwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo usiilinganishe na VmHWM. Kuanzia 6.12 unaweza kuirudisha chini kwa kuandika neno lolote ndani yake, ila mabadiliko huonekana kwa aliyeandika tu, kupitia faili lilelile alilolifungua. Ukiandika kwa echo halafu ukasoma kwa cat, utaona kilele cha zamani. Lifungue mara moja kwa kusoma na kuandika, andika, fanya kazi yako, rudi mwanzo wa faili, usome bila kulifunga katikati.