Je, Uvamizi wa Iraq wa 2003 ni Ule wa Wamongolia Uliorudi?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Khatibu wetu alisema kuanguka kwa Baghdad mwaka 2003 ni marudio ya 1258, Wamongolia walipouteka mji huo, na kwamba mara zote mbili Mashia ndio waliomfungulia adui mlango. Je, yafaa kusema hivyo mimbarini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Kulinganisha si kosa. Qur'ani yenyewe inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Na kufanana kupo. Hulagu, jemadari wa Wamongolia, alimuua Khalifa al-Musta'sim, na vitabu vya Baghdad vikaangamia. Aprili 2003, askari wa Marekani wakiwa wameshaingia mjini, Makumbusho ya Taifa yaliporwa na Maktaba ya Taifa ikachomwa moto.

Lakini Hulagu alidai utiifu waziwazi. Bush na Blair walikuja na habari ya silaha za maangamizi. Zikatafutwa, hazikuonekana, na waliokufa wameshakufa. Allah anasema: "Enyi mlioamini! Akikujieni mpotovu na habari yoyote, ichunguzeni, msije mkawasibu watu kwa kutojua" (49:6).

Aya hiyo hiyo inamhusu na khatibu wako. Habari ya kwamba waziri wa Khalifa, Ibn al-Alqami, aliyekuwa Shia, aliwauzia Wamongolia mji, wanahistoria wamehitilafiana juu yake. Isitoshe, Badr al-Din Lu'lu', mtawala Mwislamu wa Mosul, alimsaidia Hulagu, mbona hatajwi? Na mwaka 2003 majeshi mengi ya nchi kavu yaliingia Iraq kupitia Kuwait, ambayo watawala wake ni Masunni. Hatusemi haya ili tuwageuzie Masunni lawama. Tunasema ili ujue kuwa madhehebu hayakufungua mlango wowote. Watawala walifuata maslahi yao.

Ndugu yangu, maneno haya yana damu. Abu Musab al-Zarqawi, aliyekuwa kiongozi wa al-Qaida nchini Iraq, aliwaita Mashia wajukuu wa Ibn al-Alqami, na kwa hoja hiyo wafuasi wake wakawalipua watu sokoni na misikitini. Baada ya kuba la al-Askari, ziara takatifu ya Mashia kule Samarra, kulipuliwa Februari 2006, majirani walichinjana, Sunni na Shia. Mtoto aliyezaliwa Basra jana hana deni la mwaka 1258: "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine" (6:164).

Sala yako nyuma yake ni sahihi, usiihame jamaa. Mwendee faraghani, kwa adabu, umsomee aya hizi mbili. Akishikilia, lifikishe jambo kwa imamu na kamati ya msikiti. Wallahu aalam.