Maiki ya chumba: anza nayo hiyo kabla hujagusa maiki nyingine

Siku hizi mtu akiniita kurekodi dramu, nikifika sianzi kufungua begi la maiki. Namwomba mpiga dramu akae apige kitu anachokijua vizuri, taratibu tu, dakika kama kumi hivi, na mimi nazunguka chumba kizima huku nimeziba sikio moja kwa kidole. Watu wananishangaa, ila hapo ndo natafuta maiki ya chumba ikae wapi, yaani ile inayokaa mbali na dramu ichukue sauti ya chumba kizima. Masikio mawili yanakudanganya bana, ubongo unajua sauti inatoka wapi na mwangwi unaupuuza, sasa maiki haipuuzi kitu, kwa hiyo ukiziba sikio moja unaanza kusikia karibu na vile maiki inavyosikia.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya kinyume kabisa. Nafunga maiki ya kiki (ile ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) juu na chini, tomu mbili, hai-hati (matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu), mbili za juu ya dramu zote, na hapo intafesi ya chaneli 8, kile kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta, imeshajaa. Siku nikipata chaneli ya ziada natupa maiki moja kwenye kona naiita ya chumba, alafu nikifika kwenye miksi naifungua, nasikia fujo, naizima. Nikawa naamini maiki za chumba ni mambo ya wenye studio kubwa Ulaya huko, sisi wa vyumba vya tofali na bati haituhusu.

Kilichonibadilisha ni kwaya moja niliyoirekodi ndani ya ukumbi wa kanisa, tofali tupu, bati halina dari, sakafu ya saruji. Tulirekodi usiku ili magari yapungue. Nikaweka maiki ya chumba kama mita 4 kutoka kwenye dramu, nikavaa hedifoni, nikasikia matoazi tu, yaani shaaaa mwanzo mwisho, sneya iko mbali kama inapigwa nyumba ya jirani. Kwenye maiki za karibu kila kitu kilikuwa safi. Nikataka kuizima kama kawaida yangu, alafu nikajiuliza, ivi maiki ipi hapa inasema ukweli? Maiki ya sneya ipo sentimita 5 kutoka kwenye ngozi, hiyo hata ukiipapasa sneya itakuletea sauti nene. Ile ya mbali ndo inasikia kama alivyosikia kila mtu aliyekuwepo ukumbini.

Nikamwita yule kijana wa dramu, nikampa hedifoni, nikamchezea maiki ya chumba peke yake bila kumwambia neno. Akasikiliza nusu ya wimbo, akasema, "Kaka, mbona matoazi nayapiga hivi?" Alikuwa amezoea ibada za Jumapili, anashindana na spika kubwa na watu wanaimba, mkono wa matoazi ukawa mzito bila yeye kujua. Akarudi akapiga sneya kwa nguvu zaidi, katikati ya ngozi, na matoazi akayagusa tu. Sikuhamisha maiki hata kidogo, sikugusa ekolaiza, na ile treki ikawa dramu kamili ambayo ungeweza kuiweka kwenye wimbo peke yake. Toka siku hiyo kila mpiga dramu namsikilizisha maiki ya chumba kwanza. Ni msaada mkubwa kwake kuliko maneno yangu yote, na hakuna anayejisikia amesemwa.

Sasa kuhusu kuiweka. Wengi wanaiinua juu na kuielekeza kwenye dramu, na hiyo ndo njia ya haraka ya kujaza matoazi. Mimi naishusha, mara nyingi usawa wa goti au chini zaidi, kwa sababu kule chini mwili wa kiki na tomu unajaa na matoazi yanapungua makali. Alafu naigeuza iangalie ukuta au kona, mgongo ndo unaangalia dramu. Inaonekana kama kosa lakini fikiria, sauti ya moja kwa moja unayo tayari kwenye zile nyingine zote, hii umeiita ikuletee kinachorudi kutoka ukutani. Ukiwa na maiki ya riboni, yaani yenye utepe mwembamba wa chuma ndani, ni rahisi zaidi, nyingi zinasikia mbele na nyuma na ubavuni ni viziwi, unaelekeza ubavu kwenye dramu basi.

Umbali nao una hesabu yake. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Maiki yako ikiwa mita 4 sneya inaifikia milisekunde 12 baada ya kupigwa. Kuna watu wakifika kwenye kompyuta wanaivuta ile treki irudi nyuma ilingane na sneya ya karibu, nawaomba sana msifanye hivyo, huko kuchelewa ndo ukubwa wa chumba wenyewe, ukikuondoa umebaki na sneya yenye vumbi. Chumba chako kikiwa kidogo fanya kinyume, isogeze hiyo treki mbele ichelewe milisekunde 10 au 15 zaidi, utashangaa kuta zinavyosogea. Ila kitufe cha kugeuza faza, yaani kinachopindua wimbi la sauti juu chini, kile chenye duara lililopigwa mstari, kijaribu kila mara huku unasikiliza kiki. Upande mmoja kiki itakuwa na tumbo, upande mwingine itakonda, chagua yenye tumbo.

Ukitumia maiki mbili chukua kamba, shika mwanzo wake katikati ya sneya, pima zote mbili ziwe umbali sawa, vinginevyo sneya itavutwa upande mmoja. Alafu sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa sauti moja, maana watu wengi watausikiliza huo wimbo kwenye simu au kaspika ka bluetooth. Kwa kweli lakini kama unaanza, moja inatosha.

Najua swali linalokuja, chumba changu ni mita 3 kwa 4, nifanyeje. Nimerekodi kwenye vyumba hivyo zaidi ya huo ukumbi. Kuta zilizoachana mita 3 zinavimbisha masafa ya kama hezi 57, na kiki nyingi zinakaa huko huko, kwa hiyo kuna sehemu kiki itavuma kama pipa na ukisogea hatua mbili inapotea. Hapo hapo ukuta ukiwa karibu mwangwi unarudi haraka mno unachanganyika na sauti yenyewe, ndo unapata ile sauti ya boksi. Usipambane nayo ndani, fungua mlango. Weka maiki koridoni, au sebuleni kwenye vigae, au bafuni, kwenye ngazi kama jengo ni la ghorofa, zima friji na feni, mwambie kila mtu atulie. Maiki ya chumba sio lazima iwe kwenye chumba chenye dramu. John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alirekodiwa mwaka 1971 kwenye nyumba ya Headley Grange kule Uingereza, dramu chini ukumbini kwenye ngazi, na fundi wake Andy Johns akaning'iniza Beyerdynamic M160 mbili tu juu ngazini, na hadi leo mafundi wanaitafuta ile sauti. Ilikuwa nyumba ya kupanga shambani. Kilichokuwepo ni ngazi, na mtu mwenye mkono mzuri.

Magodoro na mablanketi yatumie, ila usifunike kila kitu. Ukiua chumba chote maiki ya chumba itarekodi nini? Mimi nazima ukuta mmoja kati ya miwili inayotazamana ili ile trrrr ya makofi iishe, ukuta wa pili nauacha uimbe.

Aina ya muziki ndo inaamua utaiacha iwe na sauti kiasi gani, na hapa naona wengi wanakosea. Chukua wimbo wa kuabudu wa bpm 70, yaani mapigo 70 kwa dakika, pigo moja ni kama milisekunde 857, kwa hiyo ukumbi wenye mwangwi wa sekunde moja unajaza nafasi vizuri, sneya inapiga, inatandaza, inaisha, pigo lingine linakuja. Sasa peleka ukumbi huo huo kwenye sebene ya bpm 140, pale hai-hati ikikatwa kwa vipande vidogo kila kimoja ni kama milisekunde 107, maana yake mwangwi wa pigo moja unafunika mapigo tisa yanayofuata. Uji mtupu. Kwa sebene nasogeza maiki hadi mita moja na nusu, au naweka geti, kifaa kinachokata sauti hadi kifunguliwe, inayofunguliwa na sneya tu, chumba kinasikika pale sneya inapopigwa alafu kinafungwa. Mambo ya geti kwenye chumba yalipata umaarufu Townhouse Studio, London, mwaka 1979, Phil Collins akiwa kwenye dramu na Hugh Padgham kwenye meza ya fundi, kilichowashtua ni jinsi dramu zilivyosikika kwenye maiki ya kuwasikia wanamuziki wakiongea, ilikuwa na kompresa kali sana ndani yake, yaani kifaa kinachoshusha sauti kubwa ili ndogo nazo zisikike. Maiki ya kuongelea tu.

Na kompresa ndo rafiki wa maiki ya chumba, ibonyeze bila huruma, desibeli 10 hadi 15 zishuke, rilizi, yaani muda wa kompresa kuachia, uiweke irudi kabla ya pigo linalofuata, utasikia chumba kinapumua na wimbo. Ila kabla ya kompresa kata sauti za juu, kuanzia hezi 7,000 hivi, la sivyo itakuamshia matoazi yote uliyohangaika kuyalaza. Nikichanganya naanza na treki hii peke yake, ikishapendeza ndo naongeza kiki na sneya za karibu kidogo kidogo, hadi ninachokikosa kipatikane, alafu nasimama. Mara nyingi treki za tomu hata sizifungui.

Msimu wa mvua msirekodi chini ya bati bila kuangalia mawingu, tulishapoteza rekodi nzuri kuliko zote usiku mmoja, matone yakaanza kwenye ubeti wa mwisho na maiki ya chumba ikayachukua yote. Na wimbo ukiisha mwambie kila mtu asisogee, fimbo zisidondoke, asiseme "imetoka hiyo", hadi toazi la mwisho lizime lenyewe na usikie chumba kimekaa kimya. Mimi huwa nahesabu hadi kumi ndo nabonyeza stopu.