Kabla Hujatia Sahihi ya Udhamini

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza iwapo, ukiwakubalia wazee wa hapo Malindi kuwa mmoja wa wadhamini watano, yaani watakaoshika kwa amana shamba la minazi na maduka mawili yaliyoachwa kwa kusomesha mayatima, nyumba yako mwenyewe yaweza kuguswa siku amana hiyo ikiingia deni. Yaweza, mwanangu, na ni heri ulijue hilo leo.

Maadamu wadhamini hawajasajiliwa kuwa shirika chini ya Sura ya 164 ya sheria za Kenya, amana si mtu mbele ya sheria, na mkataba unaofungwa kwa ajili yake ni mkataba wa wadhamini wenyewe. Dari ya madrasa yetu ya wasichana ilipoanza kuinama, niliagiza korija tatu za boriti pamoja na chokaa, nikaandika jina langu peke yake chini ya hati. Wafadhili wakachelewa. Muuzaji akaja mlangoni kabla ya alasiri, akaikunjua hati na kuweka kidole juu ya jina langu pasipo kusema neno. Haki ilikuwa yake, nami nikauza bangili zangu mbili nikamlipa. Baadaye nilirudishiwa kutoka katika kodi ya duka la madrasa, kwa kuwa mdhamini ana haki ya kufidiwa kwa mali ya amana gharama alizozitoa ipasavyo. Lakini nilirudishiwa kwa sababu risiti zilikuwepo, na kumbukumbu za kikao zilionyesha kwamba matengenezo yaliidhinishwa.

Kwa hiyo kila mkataba useme wazi kwamba mdai atalipwa kwa mali ya amana tu. Kuandika "mdhamini" kando ya jina lako hakutoshi kukukinga.

Ninalolihofia zaidi kwako ni kunyamaza, kwa sababu wewe una haya mbele ya wakubwa. Wadhamini wakivunja amana huwajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, hata anayedai aweza kumfuata mmoja wenu kwa hasara nzima, ingawa hakula senti. Mtu akikuletea hundi tupu uzitie sahihi mapema eti kwa kuwa unasafiri, kataa, hata akiwa mzee wa kuheshimiwa. Ukipinga jambo, pinga kikaoni na uhakikishe limeandikwa. Kujiuzulu baadaye hakufuti yaliyotendeka ulipokuwemo.

Akaunti ya amana iwe mbali na yako, na usikodi duka lao wala kununua nazi zao, hata kwa bei ya haki. Mkikwama, Mahakama Kuu huwapa wadhamini maelekezo. Sura ya 167, yaani Sheria ya Wadhamini, huiruhusu pia mahakama hiyo kumsamehe mdhamini aliyetenda kwa uaminifu na kwa busara, ila hiyo ni hiari ya mahakama, usiitegemee.

Waulize pia kama mali ile ni wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mungu kwa sheria ya Kiislamu, kwa kuwa hapo kuna Sheria ya Wakfu ya 2022 na Tume yake. Usiwajibu bado. Waombe hati ya amana na hesabu za miaka mitatu iliyopita, uje nazo wakati wa Maulidi, tuzisome pamoja ukurasa kwa ukurasa.

Mimi mamako